Roketi ina ruhusa ya kulipuka

Jioni ya tarehe 16 Januari 2025, watu wa visiwa vya Turks na Caicos, kule Karibea, waliinua macho wakaona anga imejaa mistari ya moto. Vipande vingi vya rangi ya chungwa vilipita juu yao vikiacha mikia ya moshi, na kwa mtazamaji vilionekana kwenda polepole, ingawa vilikuwa vikikimbia maelfu ya kilomita kwa saa. Ilikuwa sehemu ya juu ya Starship, roketi kubwa ya kampuni ya SpaceX, iliyokuwa katika safari yake ya saba ya majaribio. Ilikuwa imeondoka Texas, kusini mwa Marekani, dakika nane na nusu hivi kabla. Marubani wa ndege za abiria waliokuwa eneo lile waliambiwa wageuze njia au wazunguke mahali walipo, na baadhi yao walizunguka mpaka mafuta yakaanza kuwatia wasiwasi. Visiwani, gari moja liliripotiwa kupata uharibifu mdogo. Hakuna mtu aliyejeruhiwa.

Dakika chache kabla ya hapo, sehemu ya chini ya roketi hiyohiyo ilikuwa imerudi Texas ikiwa nzima, ikashuka ikisimama wima juu ya moto wa injini zake, na kudakwa hewani na mikono miwili ya chuma ya mnara ulioirusha. Safari moja ilibeba ushindi mkubwa wa uhandisi na mvua ya vyuma.

Tangu siku ile nimekuwa nikisikia swali moja kila mazungumzo yanapofika kwenye roketi hizi: serikali iliruhusuje kurusha kitu ambacho hakijathibitishwa kuwa ni kizima? Ni swali la haki, ila limejengwa juu ya dhana ambayo si sahihi. Wengi tunadhani mdhibiti wa roketi hufanya kazi kama mdhibiti wa ndege. Sivyo, na tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa kuelewa mengine yote.

Ndege ya abiria haiuzwi tiketi mpaka muundo wake upate cheti. Mamlaka ya usafiri wa anga hukagua mabawa, injini, nyaya na milango, hudai majaribio ya miaka, na mwisho huweka sahihi kwamba chombo hiki kinafaa kubeba watu. Kwa roketi za kampuni binafsi nchini Marekani, mamlaka ni ileile, yaani FAA, lakini sahihi inayowekwa ina maana tofauti kabisa. FAA haisemi kwamba roketi ni nzima. Haisemi kwamba itafika. Leseni yake inajibu swali moja: ikiharibika, kuna uwezekano gani wa kumuumiza mtu ambaye hakuhusika nayo?

Mtu huyo ndiye kiini cha sheria yote. Mhandisi wa kampuni ameamua mwenyewe kufanya kazi hiyo, na kampuni imeamua mwenyewe kuhatarisha chuma chake na fedha zake. Hata abiria wa chombo cha anga za juu, kwa sheria ya Marekani, anahesabiwa kuwa ameridhia: tangu 2004 Bunge la nchi hiyo limeizuia FAA kutunga kanuni za kuwalinda waliomo ndani, na zuio hilo limesogezwa mbele mara kadhaa mpaka Januari 2028. Lakini mvuvi aliye baharini, mama aliye kwenye kiti cha ndege ya kwenda Miami, mtoto anayecheza uani, hao hawakuridhia chochote. Mdhibiti yupo kwa ajili yao.

Kwa hiyo roketi ina ruhusa ya kulipuka. Kisichoruhusiwa ni kumlipukia mtu.

Mdhibiti anapimaje jambo hilo? Kwa hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu kama inavyosikika. Kanuni inayotumika sasa, iliyoanza kazi mwaka 2021, inaweka kikomo cha hatari kwa watu wote wasiohusika: matarajio ya majeruhi yasizidi 1 katika 10,000 kwa safari moja. Majeruhi hapa ni aliyekufa au aliyeumia vibaya. Kwa maneno mengine, ukirudia safari ileile mara 10,000, usitarajie kumuumiza zaidi ya mtu mmoja. Halafu kuna kikomo cha pili kwa mtu mmoja mmoja: hatari yake isizidi 1 katika milioni.

Sasa weka roketi mpya kwenye mizani hiyo. Tuseme, kwa mfano tu, ina nusu kwa nusu ya kuharibika njiani. Ili ibaki ndani ya kikomo, uwezekano wa vipande vyake kumdhuru mtu pindi inapoharibika lazima uwe chini ya 1 katika 5,000. Roketi yenyewe huwezi kuifanya iwe ya kuaminika kwa mwezi mmoja. Kuaminika huja kwa kuruka. Unachoweza kubadilisha leo ni kilichoko chini yake: funga barabara, ondoa watu ufukweni, waonye wenye meli, ondoa ndege kwenye anga husika, na uchague njia inayopita juu ya maji. Ndiyo maana uwanja wa Starship uko Boca Chica, ncha ya kusini ya Texas karibu na mpaka wa Mexico, mahali ambapo upande wa mashariki ni Ghuba ya Mexico. Majaribio mengi yalilenga kuzunguka nusu ya dunia, yavuke Atlantiki na kumalizikia Bahari ya Hindi, magharibi mwa Australia.

Watu wa pwani ya Kenya wana mfano wa jambo hili mlangoni kwao. Yale majukwaa ya San Marco ambayo Waitaliano waliyasimamisha baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, hayakuwekwa pale kwa bahati. Karibu na ikweta roketi husaidiwa zaidi na mzunguko wa dunia, na upande wa mashariki ni bahari tupu kwa maelfu ya kilomita. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, ilirushwa kutoka pale setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kutafuta miale ya eksi kutoka angani, nayo ikapewa jina Uhuru. Roketi ile ingeharibika, vyuma vingeangukia maji.

Pamoja na kuchagua njia, kuna kifaa ambacho msomaji wa kawaida hukishangaa: mfumo wa kujilipua. Roketi ya majaribio hubeba baruti kwenye matangi yake. Ikipotea njia, kompyuta yake huamuru matangi yapasuliwe ili mafuta yaungue angani na vipande vianguke ndani ya eneo lililokwishahesabiwa, badala ya chombo kizima chenye mafuta kwenda kuangukia mji. Kwa hiyo roketi inapolipuka kwenye video, mara nyingine hiyo ndiyo alama kwamba ulinzi umefanya kazi.

Na mara nyingine ulinzi huchelewa. Tarehe 20 Aprili 2023 Starship iliruka kwa mara ya kwanza ikiwa kamili, urefu wa mita 120 hivi, injini 33 chini. Chini ya jukwaa hapakuwa na mfereji wa kupitisha moto wala mfumo wa kumwaga maji. Moto wa injini uliichimba saruji, ukarusha mapande yake mbali, na vumbi la mchanga na saruji likadondoka hadi mji wa Port Isabel, kilomita kumi hivi kutoka pale. Roketi ilipanda kilomita 39, ikapoteza mwelekeo, ikaanza kupinduka. Amri ya kujilipua ilitolewa, lakini roketi iliendelea kupinduka kwa takriban sekunde 40 kabla ya kupasuka. Katika vioja vyote vya siku ile, kwangu hilo ndilo kubwa. Saruji inamwagwa upya. Mfumo wa kujilipua usiojilipua kwa wakati unaivunja ile hesabu yote, kwa sababu hesabu ilifanywa kwa kudhani utafanya kazi.

Baada ya hapo roketi ilifungiwa. Na hapa kuna jambo jingine linalowashangaza watu: uchunguzi wa ajali huongozwa na kampuni yenyewe, FAA ikisimamia kila hatua na kuidhinisha matokeo. Sababu ni ya kimatendo, kwani anayeijua roketi mpya ni aliyeitengeneza. Uchunguzi wa ajali ile ulifungwa Septemba 2023 kwa orodha ya marekebisho 63, mojawapo likiwa ni huo mfumo wa kujilipua. Safari ya pili ilikuja Novemba mwaka huo, ikiwa na maji mengi yakimwagwa chini ya injini.

Kadiri majaribio yalivyoendelea, kanuni yenyewe ilionyesha kubadilika ambako wakosoaji wake hawakutaji sana. Kwa safari ya nne, Juni 2024, FAA ilikubali mapema kwamba mambo matatu yakitokea hayatahesabiwa kuwa ajali ya kuchunguzwa: ngao ya joto ikishindwa wakati wa kurudi angahewani, mabawa madogo yakishindwa kukiongoza chombo, au injini ikikataa wakati wa kutua baharini. Yote yangetokea juu ya bahari isiyo na watu. Siku yenyewe, bawa moja liliungua mpaka likawa kama kitambaa kilichotobolewa na moto, na bado chombo kilishuka kwenye Bahari ya Hindi kikiwa wima. Kampuni ilijifunza, na mdhibiti hakuwa na sababu ya kuisimamisha.

Mpaka hapa tumezungumzia roketi inayokwenda. Ugumu mpya uko kwenye inayorudi.

Roketi ya zamani ilikuwa kama njiti ya kiberiti, unaiwasha mara moja na hairudi. Vipande vyake viliangukia baharini, au kwa nchi nyingine, jangwani na vijijini. Desemba 2015 SpaceX iliirudisha sehemu ya chini ya Falcon 9, roketi yake iliyo ndogo kuliko Starship, ikatua kwa miguu yake huko Florida, na Machi 2017 ikairusha tena iliyokwishatumika. Bei ikashuka, idadi ya safari ikapanda. Lakini kwa mdhibiti kulizuka swali ambalo halikuwepo: sasa kitu chenye ukubwa wa jengo kinaelekezwa makusudi kwenye nchi kavu, mahali walipo watu.

Suluhisho la kihandisi ni la busara sana. Sehemu ya chini ya Starship inaporudi, haielekei mnara. Inaelekea majini, kando ya pwani. Ni pale tu vipimo vyake vyote, na vya mnara pia, vinapokuwa sawa, na mkuu wa safari akatoa amri mwenyewe, ndipo inapogeuza njia kuelekea mikono ile ya chuma. Isipopata ruhusa, inaendelea na njia yake na kuzama. Hali ya kawaida, basi, ni kuanguka salama. Kutua ndiko kunakohitaji idhini. Oktoba 2024 ilidakwa mara ya kwanza. Mwezi uliofuata mnara uliharibika kidogo wakati wa kuruka, vipimo vikakataa, na roketi nzuri isiyo na kasoro ikaachwa iangukie Ghuba. Mimi naiona safari hiyo ya sita kuwa ushahidi mzuri zaidi wa usalama kuliko zile zilizodakwa.

Ni katika kipindi hicho ugomvi wa kampuni na mdhibiti ulitoka hadharani. Septemba 2024 FAA ilisema uamuzi kuhusu safari ya tano hautatoka kabla ya mwisho wa Novemba. Njia ilikuwa imebadilika: pete inayounganisha sehemu mbili za roketi ingeangukia mahali pengine baharini, na mshindo wa kurudi ungesikika kwenye eneo kubwa kuliko lililotathminiwa. SpaceX ilijibu kwa andiko refu ikilalamika kwamba karatasi zinachukua muda mrefu kuliko kutengeneza roketi. Mwezi huohuo FAA ilipendekeza faini ya dola 633,009 kwa safari mbili za mwaka 2023, moja ya Falcon 9 na nyingine ya Falcon Heavy, roketi kubwa kuliko hiyo, ambapo kampuni, kwa mujibu wa mamlaka, ilitumia chumba kipya cha uongozaji na hifadhi mpya ya mafuta bila kibali. Elon Musk, mkuu wa SpaceX, alimtaka mkuu wa FAA, Michael Whitaker, ajiuzulu. Leseni ikatoka tarehe 12 Oktoba, mapema kuliko ilivyotangazwa, na roketi ikaruka siku iliyofuata. Whitaker aliondoka ofisini Januari 2025, siku Donald Trump alipoapishwa, na Musk akapewa jukumu la kupunguza matumizi ya serikali iliyokuwa ikimdhibiti.

Malalamiko ya kampuni hayakuwa ya uongo yote. Ofisi ya roketi ndani ya FAA ni ndogo, na kazi imeongezeka mara nyingi. Tena sheria imeipa ofisi hiyo majukumu mawili yanayovutana: kulinda umma na kukuza biashara ya anga za juu. Mwamuzi anayetakiwa pia kuishangilia timu hawezi kukosa kutiliwa shaka na pande zote.

Lakini hatari si ya kufikirika, na SpaceX yenyewe ilionyesha hivyo mapema. Desemba 2020, jaribio dogo lililoitwa SN8 lilirushwa bila hesabu moja kukubaliwa: ile ya mawimbi ya mlipuko. Hali fulani ya hewa, hasa tabaka la hewa ya joto likiwa juu ya baridi na upepo ukielekea mjini, huweza kulikusanya wimbi la mlipuko na kulipeleka mbali, likavunja vioo vya madirisha juu ya watu waliokaa sebuleni kwao. FAA ilikataa kutoa msamaha wa sharti hilo. Kampuni iliruka hata hivyo, na chombo kikalipuka kilipogusa ardhi. Hakuna kioo kilichomkata mtu, lakini baadaye mkaguzi wa FAA alitakiwa awepo Boca Chica kwa kila jaribio.

Turudi kwenye ule moto wa Januari 2025. Uchunguzi ulionyesha mitikisiko mikali kuliko iliyotarajiwa, mafuta yakavuja, moto ukawaka nyuma ya chombo. Mwishoni mwa Februari, uchunguzi ukiwa bado haujafungwa, FAA iliruhusu safari ya nane baada ya kujiridhisha na hatua za usalama. Sheria inaruhusu hivyo. Tarehe 6 Machi sehemu ya juu ilipotea tena, karibu katika dakika ileile ya safari, na vipande vikaonekana tena juu ya Karibea. Sababu ilikuwa nyingine, hitilafu ya injini. Ndege zipatazo 240 zilivurugiwa safari, na viwanja kadhaa vya Florida vilisimamisha kwa muda ndege za kuingia.

Hapa naona mtu mwaminifu anatakiwa kushika mambo mawili kwa pamoja. Hesabu ilifanya kazi: kwa mujibu wa SpaceX vipande viliangukia ndani ya eneo lililopangwa, na hakuna aliyeumia. Na papo hapo, chombo kilichoharibika njiani mara mbili mfululizo kinasema kwamba makadirio ya uwezekano wa kuharibika yalihitaji kuangaliwa upya kabla ya safari ya nane, wala si baada yake. Kusubiri miezi miwili kusingeiua kampuni hiyo. FAA yenyewe ilionekana kufikia hapo baadaye. Kwa safari ya tisa, Mei 2025, eneo la tahadhari kwa ndege lilipanuliwa kutoka maili za baharini 885 hadi takriban 1,600, na roketi ikatakiwa iruke saa ambazo anga haina msongamano.

Upanuzi huo uliwagusa watu ambao si wapiga kura wa Marekani. Turks na Caicos ni eneo la ng'ambo la Uingereza, na serikali ya Uingereza iliomba njia ibadilishwe. Juni mwaka huo, baada ya chombo kingine kulipuka kikiwa ardhini Texas, Rais Claudia Sheinbaum wa Mexico alisema nchi yake inachunguza uchafuzi wa mabaki ya roketi upande wake wa mpaka na inaangalia hatua za kisheria. Na sehemu ngumu zaidi haijafika. Katika majaribio 11 ya kwanza, hadi Oktoba 2025, sehemu ya juu haikurudi kwenye mnara hata mara moja. Siku itakaporudi, itatokea magharibi, ikipita juu ya Mexico na Texas, juu ya miji, ikiwa inang'aa kwa joto.

Kwa yaliyoko nje ya mipaka, kuna mikataba ya kimataifa. Ule wa 1967 unalifanya taifa liwajibike kwa kinachorushwa na kampuni zake. Ule wa 1972 unasema nchi iliyorusha italipa hasara iliyotokea ardhini bila mdai kuhitaji kuthibitisha uzembe. Umetumika kwa uzito mara moja: mwaka 1978 setilaiti ya Kisovieti Cosmos 954, yenye kinu cha nyuklia, ilisambaa kaskazini mwa Kanada, na Wasovieti wakakubali kulipa dola milioni 3 za Kanada.

Siku 17 kabla ya moto wa Turks na Caicos, tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 hivi na uzito wa karibu kilo 500 ilianguka kijijini Mukuku, Kaunti ya Makueni. Hakuna aliyeumia. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilifika, likazingira eneo, na kusema kwamba kwa uchunguzi wa awali hiyo ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Na kwamba vitu vya namna hiyo kwa kawaida hubuniwa viungue vinapoingia angahewani, au viangukie mahali pasipo na watu, kama baharini. Kisha wakaichukua ili kumtafuta mwenyewe, maana chini ya mkataba wa 1972 huwezi kumdai mtu mpaka ujue chuma ni cha nani.